Kalondu wa Kwenye Gemu

Wote, 12 Januari 1997

Dada Mbinya,

Pokea salamu kutoka huku kwenye vumbi jekundu. Mimi ni mzima, na kama wewe na Jonah na mpwa wangu Ndinda mko salama, basi sina la kumlalamikia Mungu isipokuwa jua lake. Kwaya yenu ilifika Mwingi kwa yale mashindano? Hujaniambia.

Sasa nikwambie kilichonifanya nikuandikie kabla hujajibu ile ya Krismasi. Unajua wageni wa kanisa waliletea chuo chetu kompyuta mbili. Mimi ndiye ninayefundisha nazo, na Jumamosi chuo kikiwa kitupu nimekuwa nikitengeneza gemu. Usicheke. Si ya kupiga watu risasi. Ni maandishi tu kwenye kioo. Kuna nyumba moja, mwaka wa ukame, na anayecheza ndiye mwenye nyumba. Mashine inamweleza hali ilivyo, inamuuliza atafanya nini, naye anachagua.

Shida ni wanafunzi wangu. Ng'ombe akifa, wanazima na kuanza upya. Mtoto akiugua, wanazima. Hakuna anayefikiri, maana hakuna kinachomuuma. Basi nimeipiga kufuli. Ukishachagua inaandika papo hapo kwenye disketi, na huwezi kurudi nyuma. Aliyekufa amekufa. Hata ukizima stima ya mji mzima wa Wote, ukiwasha utamkuta amekufa.

Nataka ijaribiwe na mtu aliyeuona ukame kwa macho yake, si hawa watoto wa madukani. Huko Nuu hamna stima, najua, kwa hivyo tutacheza kwa barua. Nitakuandikia hali, utanijibu, nami nitaingiza jibu lako vile vile ulivyosema.

Haya. Nyumba ina mama, baba, binti wa miaka tisa, ng'ombe mmoja na nusu gunia la mahindi. Mvua imekataa. Kwanza wape majina. Pili, ng'ombe mnamuuza sasa angali na nyama, au mnangoja?

Ndugu yako,
Kivuva


Nuu, 9 Februari 1997

Kivuva, mwana wa mwaitu, mama yetu,

Barua yako ililala kwenye sanduku la shule kule Mwingi mpaka mwalimu mkuu alipokuwa na safari. Imefika imekunjwakunjwa lakini inasomeka. Jonah anakusalimu na anauliza kama chuo kinakulipa kwa kucheza. Nimemwambia akuulize mwenyewe siku utakayokumbuka kuja kwetu.

Kwaya ilifika, tukawa wa pili, na walioshinda walikuwa na ngoma yetu waliyoazima. Wacha tu.

Hapa tupo. Mbaazi zilikauka na maua yake. Tunapika muthokoi wa mahindi makavu mchana, na jioni ni uji mwepesi wa kuonyesha uso. Ng'ombe wetu amechukuliwa na Abdow, yule mfanyabiashara wa mifugo, na alivyomtazama mbavu nilidhani atatudai sisi. Ndinda amekonda, Kivuva. Shingo imekuwa ndefu. Anaenda mtoni kuchimba maji kwenye mchanga kabla ya shule, kisha anasinzia darasani na mwalimu anamchapa. Kuna watu huku wamepeleka watoto kwa jamaa zao wa mjini mpaka mvua inyeshe. Jonah amelitaja hilo zaidi ya mara moja. Mimi sijasema kitu. Chumba chako bado ni kile kile?

Haya, gemu yako. Mama aitwe Muthoki, baba Mutiso, na binti aitwe Kalondu. Ng'ombe muuzeni leo, mnangoja nini? Ng'ombe hali mvua ya kesho.

Lakini niambie kitu kimoja. Hiyo mashine inajuaje nani afe?

Dada yako,
Mbinya


Wote, 2 Machi 1997

Dada Mbinya,

Nimecheka uji wa kuonyesha uso mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Wa pili si mbaya! Pole kwa ng'ombe. Chumba ni kile kile, mimi na sufuria tunasukumana humo ndani, na jiko likiwaka mmoja wetu lazima atoke nje. Nikipata mke itabidi awe mwembamba.

Mwambie Ndinda mjomba anamsalimu na asilale darasani.

Unauliza mashine inajuaje. Haijui. Nimeiambia irushe bahati. Unamkumbuka yule mundu mue wa kule kwa nyanya, alivyokuwa akimwaga mbegu za kibuyu kwenye ngozi na kuzihesabu, kisha anakwambia mgonjwa atapona au la? Basi ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba mashine haidai mbuzi. Usimwonyeshe Jonah hapo. Mzee wa kanisa atanitoa kwenye maombi.

Sasa matokeo. Ulifanya vizuri kumuuza ng'ombe, maana wiki iliyofuata ng'ombe wote wa jirani walikufa. Muthoki ana unga. Ila kisima kimekauka na unga hautafika msimu ujao. Chagua moja. Wote wabaki nyumbani wakigawana kidogo kilichopo. Au Mutiso aende kutafuta kibarua mbali, na huenda asirudi. Au Kalondu apelekwe kwa mjomba wake mjini.

Fikiri vizuri. Hakuna kurudi.

Kivuva


Nuu, 30 Machi 1997

Ndugu yangu Kivuva,

Leo ni Pasaka na nakuandikia watu wakiwa bado kanisani. Nimeondoka mapema. Ndinda alianguka kwenye kwaya ya watoto, katikati ya wimbo. Si ugonjwa, ni njaa tu na jua. Nimempa maji yenye sukari na sasa ameketi hapa karibu nami anauliza nakuandikia nini. Nimemwambia ni mambo ya Kalondu. Anamjua Kalondu, maana ile barua yako nilimsomea. Anataka kujua kama huko mjini Kalondu atapewa mkate.

Nimelifikiria hili jambo kuliko unavyodhani. Mutiso akiondoka nyumba inakosa mgongo. Wakibaki wote, mtoto ndiye atakayetangulia kuisha, kila mama anajua hivyo. Kwa hivyo Kalondu apelekwe kwa mjomba.

Lakini usiingize kabla hujanijibu haya. Nani atamsindikiza? Njiani atakunywa nini? Na huyo mjomba ameulizwa? Kuna mjomba anayepokea mtoto kwa mdomo tu, huku moyoni anahesabu vijiko. Mwulize kama anamtaka kweli. Mama hawezi kumuuliza ndugu yake jambo kama hilo uso kwa uso, anaona haya. Akisema ndiyo, ampokee.

Nangoja kwa hamu, Kivuva. Usichelewe kama kawaida yako.

Dada yako,
Mbinya


Wote, 20 Aprili 1997

Dada!

Pole kwa Ndinda, watoto wakisimama juani huwa hivyo. Mpe mayai.

Sikungoja. Maswali yako yote mazuri lakini gemu haina mahali pa kuyaweka. Inataka namba moja tu, nikabonyeza tatu. Na nikwambie, wanafunzi walikuwa wamesimama nyuma yangu, maana sasa darasa zima linamfuata Muthoki kama mahubiri ya redio. Kioo kikaandika: Kalondu alikunywa maji machafu njiani. Hakufika kwa mjomba wake. Amekufa.

Mbinya, ungewaona! Yule Musyoka, mkorofi wangu, alinyoosha mkono kuzima mashine, kisha akaurudisha, kwa sababu anajua haisaidii. Msichana mmoja alitoka nje akilia. Kwa gemu ya maandishi matupu! Hapo ndipo nilipojua nimetengeneza kitu. Nimefurahi sana na nakushukuru, bila wewe nisingefika hapa.

Sasa Muthoki na Mutiso wamebaki wawili. Mvua bado. Chaguo linalofuata: wahame au wabaki?

Nduguyo mwenye furaha,
Kivuva


Nuu, 4 Mei 1997

Kivuva,

Sisi wazima.

Mrudishe Kalondu. Nakuomba. Mama alikuwa hajamaliza kuuliza, na wewe ulibonyeza. Fanya kama hukubonyeza, useme mama amebadilisha nia, amlete mwenyewe mtoto kwa mkono wake na maji yake aliyoyachemsha. Wewe ndiye uliyeitengeneza, huwezi kushindwa.

Sikuombi kitu kingine mwaka huu. Nijibu upesi, Jonah ananisukuma.

Mbinya


Wote, 25 Mei 1997

Dada Mbinya,

Natumaini mko salama. Sikuelewa Jonah anakusukuma nini, au naye ameanza kuipenda gemu? Mwambie karibu.

Najua imekuuma. Hata mimi iliniuma, na ndiyo maana siwezi kukubali. Nikimrudisha Kalondu kwa sababu ni wewe, kesho Musyoka ataniomba ng'ombe wake, na keshokutwa tutakuwa tumerudi pale pale pa kuzima na kuwasha. Uzito wote wa hii gemu uko hapo. Na nikwambie ukweli, hata mimi niliyeitengeneza nimejifungia nje. Hairudi nyuma. Neno likishatoka limetoka.

Katika maisha ndivyo ilivyo, au siyo? Wewe ndiye ulikuwa ukiniambia maji yakimwagika hayazoleki.

Jikaze, dada. Muthoki ahame au abaki?

Kivuva


Wote, 17 Agosti 1997

Dada Mbinya,

Umeninyamazia tangu Mei. Nilimuuliza mwalimu wa Nuu niliyekutana naye Machakos, akasema mpo, ila chakula cha msaada kinafika kwa shida. Nimempa kilo chache za mchele na sabuni awaletee. Vimefika?

Kama umekasirika kwa ajili ya gemu, kusema kweli unanishangaza. Ni mtoto wa kwenye kioo. Mimi nimeiacha, disketi iko kwenye droo, na darasa limechoka kuuliza.

Andika hata mstari mmoja. Ndinda yuko darasa la ngapi sasa?

Kivuva


Nuu, 18 Januari 1998

Ndugu yangu Kivuva,

Mchele ulifika. Asante. Mwalimu alipungukiwa na sabuni moja, labda aliiogea njiani. Jonah yupo, anainama siku hizi kama mzee. Mvua iliyokuja mwezi wa kumi haikujua kusimama, wewe mwenyewe umeiona. Mahindi yameota hadi kwenye njia. Kunde ziko, ndengu ziko. Tungekuwa tunashiba.

Ndinda hayupo, Kivuva. Tulimzika Desemba, Jumapili ya kwanza.

Ilikuwa malaria. Mbu walikuja na mvua na kila nyumba ilikuwa na mgonjwa, lakini wengine waliinuka. Wa kwangu hakuwa na kitu mwilini cha kuinukia. Mwaka mzima alikuwa ameliwa kidogo kidogo. Zahanati walisema apelekwe Mwingi. Jonah alimbeba mgongoni, mimi nimeshika mwavuli, tukafika mtoni tukakuta maji yamejaa kutoka ukingo hadi ukingo, magogo yanapita, na watu wamesimama pande zote mbili wakipungiana mikono. Tukangoja yapungue. Ndinda aliniuliza kama ng'ambo ile ndiyo mjini. Nikamwambia ndiyo. Yalipopungua hapakuwa na haja ya kuvuka.

Sikuweza kukupelekea habari, barabara ilikuwa imekatika. Na ilipofunguka, mkono ulikuwa haushiki kalamu. Nisamehe kwa hilo.

Amewekwa karibu na kaburi la mama yake Jonah.

Mbinya


Wote, 8 Februari 1998

Dada yangu, dada yangu Mbinya,

Sijui nianzie wapi. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni mwa ofisi na watu wakaniuliza kama nimefukuzwa kazi. Nimelia mpaka nimeona aibu kuingia darasani. Mtoto wetu. Alinishika kidole siku ya kubarikiwa kwake kanisani akakataa kukiachia mpaka mchungaji akacheka. Mwambie Jonah pole. Nitakuja, nimeomba ruhusa, nitakuja mara barabara ikikauka.

Lakini Mbinya, kwa nini hamkumleta kwangu? Kama hali ilikuwa hivyo, kwa nini? Chumba kidogo, lakini mtoto ni wa kulala hata juu ya meza! Shule ya msingi iko ng'ambo ya barabara, wanapika githeri ya mahindi na maharagwe kila mchana. Mimi ni mjomba wake. Ungesema neno moja ningekuja kumchukua mwenyewe kwa miguu. Swali hili halinipi usingizi. Sikulaumu, nauliza tu.

Kuna jambo nimefanya, na sijui kama ni la kipumbavu. Nilikumbuka ulivyoniomba Mei. Nikaitoa disketi kwenye droo, nikaketi asubuhi moja tu, nikabadilisha mistari michache. Kalondu yuko hai. Alifika kwa mjomba wake salama, mama yake akiwa amemshika mkono, na maji waliyochemsha nyumbani. Mjomba aliulizwa, akasema anamtaka kweli. Yuko shuleni. Anakula. Nilitaka ujue kwamba angalau hilo uliloniomba nimelifanya.

Ndugu yako anayekupenda,
Kivuva


Nuu, 15 Machi 1998

Kivuva,

Jonah amepokea pole yako. Anasema usikope nauli, barabara bado mbaya pale kwenye daraja, ungoje lori la Abdow. Tumevuna ndengu na nimekuwekea.

Umeniuliza kwa nini. Nilikuwa nimeapa kwamba sitakujibu, lakini umeuliza kama mtu asiyejua, na naona kweli hujui.

Jonah alitaka tumlete kwako tangu Januari ile. Mimi ndiye niliyekuwa naogopa. Kukuomba uso kwa uso nilishindwa, maana ulikuwa ukiniandikia jinsi wewe na sufuria mnavyosukumana. Basi nikakuuliza kwa kinywa cha Muthoki. Kila nililomchagulia Kalondu nilikuwa namchagulia wangu. Mke wa mzee wa kanisa haendi kwa mundu mue, Kivuva. Sikwenda. Lakini wewe mwenyewe uliniambia mashine yako inamwaga mbegu kama yeye, na nikajiambia, hii si dhambi, huyu ni ndugu yangu.

Ukanijibu kwamba mtoto akiletwa kwa mjomba atakufa njiani. Uliandika kwa mkono wako, wewe mjomba. Unajua kwetu neno la mjomba juu ya mtoto wa dada yake hushika kama laana. Nililala nalo, nikaamka nalo. Nilipokuomba umrudishe sikuwa nikimlilia mtoto wa kwenye kioo. Nilikuwa nakuomba ulivunje hilo neno ili niweze kufunga mzigo wa Ndinda. Nguo zake zilikuwa zimefuliwa. Jonah alikuwa ameshazungumza na dereva.

Ukasema hairudi nyuma. Ukasema hata wewe umefungiwa nje. Nikazirudisha nguo sandukuni, nikamwambia Jonah mtoto haendi popote, na tukagombana mpaka majirani wakaja. Nilimshinda. Mimi ndiye niliyemshinda.

Na sasa unaniandikia kwamba ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Nimejaribu kukuchukia na nimeshindwa, wewe ni mtoto wa mama yangu na hukujua. Lakini ile asubuhi moja, Kivuva, ilikuwa wapi mwezi wa tano? Nilikuomba nikiwa nimepiga magoti, hukuona kwa sababu ilikuwa barua.

Ukija, njoo. Nitakupikia. Tutakwenda kaburini pamoja, tutapalilia, maana majani ya mwaka huu hayana huruma. Usinieleze mambo ya mashine, keti tu nami.

Kalondu usimguse tena. Mwache huko huko kwa mjomba wake, ale, asome, yeye hana kosa. Lakini usiniandikie anavyoendelea.

Dada yako,
Mbinya